Rangi ya Ngozi kwenye TV na Watoto Wetu: Maswali Ambayo Wazazi wa Tanga Huuliza Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wazazi wa darasa la awali ninalofundisha hapa Ngamiani, mjini Tanga. Mengine huulizwa kwenye kikao cha wazazi, mengine getini saa sita mchana watoto wanapochukuliwa, na mengine hutumwa usiku kwa sauti ya WhatsApp, baada ya mtoto kutamka jambo lililomwaibisha mama yake mbele ya wageni. Mwenye haraka aruke hadi swali la vichekesho vyetu, lenye Mhindi na Mmasai, maana ndilo linalonikera zaidi.

Kasumba za rangi kwenye TV ni kitu gani hasa? Mimi huangalia na wanangu na sijawahi kusikia tusi.

Tusi ni nadra, na likitoka hata mtoto analijua kuwa ni tusi. Kinachopenya kimyakimya ni namna kazi zinavyogawanywa. Mweusi anacheka kwa sauti kubwa, anacheza muziki, anaiba, au ni yule rafiki wa steringi anayekufa kabla picha haijafika nusu. Mchina anaruka na kupiga mateke. Mwarabu kama hana bomu basi ana visima vya mafuta. Mwenyeji wa asili wa Marekani yuko juu ya farasi anapiga ukelele. Halafu yupo mweupe anayefikiri, anayependa, anayekosea na kusamehewa. Huyo ndiye mtu kamili, wengine wamekuja kumsindikiza.

Ukitazama kipindi kimoja hutaona neno. Profesa George Gerbner wa Marekani, aliyeichunguza TV kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960, alisema nguvu yake iko kwenye kurudiarudia: anayeitazama sana huanza kuamini kwamba dunia iko vile inavyoonyeshwa. Gerbner alishughulika zaidi na ukatili, lakini kwenye rangi mambo huenda hivyohivyo.

Na kuna kutoonekana kabisa. Mtoto anaweza kumaliza likizo nzima ya Juni akitazama katuni asimwone hata msichana mmoja mwenye nywele kama zake. Hakuna aliyemtukana, ila amejifunza kwamba hadithi nzuri hutokea kwa watu wengine.

Mwanangu ana miaka minne tu. Atajua nini kuhusu rangi za watu?

Anajua kuliko unavyodhani. Watafiti wamepima watoto wa miezi mitatu na kukuta wanakazia macho zaidi nyuso za rangi waliyoizoea nyumbani. Huo si ubaguzi, ni mazoea ya macho. Ila kufikia miaka mitatu hadi mitano mtoto ameshaanza kuwapanga watu kwa rangi, na akishawapanga anataka kujua kila kundi ni la watu gani: nani mzuri, nani wa kuogopwa, nani bosi. Anakotafuta majibu ni pale macho yake yanapokaa muda mrefu.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia weusi wa Marekani. Miaka ya 1940 waliwawekea watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba madoli yaliyofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: lipi doli zuri? Lipi baya? Lipi ungependa kucheza nalo? Wengi walichagua jeupe kwa uzuri na la kahawia kwa ubaya. Kisha likaja swali la mwisho, lipi linafanana na wewe, na hapo baadhi ya watoto walilia. Kazi hiyo ilitumika katika kesi ya Brown iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1954, kesi iliyoharamisha kutenganisha shule kwa rangi. Wakati ule nyumba nyingi hazikuwa na TV, kwa hiyo usiseme madoli yalithibitisha ubaya wa TV. Yalichoonyesha ni kwamba mtoto huvuta hewa ya mahali alipo, na leo sehemu kubwa ya hewa hiyo inatoka kwenye king'amuzi.

Ukitaka ya hapa kwetu, njoo saa nne, wakati wa uji. Wavulana hugawana nafasi kabla hawajaanza kucheza: huyu steringi, huyu polisi, huyu adui. Nimeona mwaka hadi mwaka uadui unamwangukia yule mweusi kupita wote, na yeye anaupokea bila ubishi. Anaanza kukunja uso na kuchechemea kabla hajaambiwa. Wasichana nao huvuta mitandio nyuma, wakaiachia ining'inie mpaka kiunoni, kisha hutikisa shingo taratibu kushoto na kulia. Hizo ndizo nywele za binti mfalme. Hakuna mwalimu aliyewafundisha mchezo huo.

Hata Tom na Jerry, mwalimu? Si paka na panya tu?

Ni paka na panya, na mimi mwenyewe huwa nacheka mpaka machozi. Lakini mkumbuke yule mama wa nyumba ile, anayeonyeshwa miguu tu: soksi zimeteremka, ndara miguuni, aproni, mkono mweusi umeshika ufagio. Alikuwemo tangu katuni ya kwanza ya mwaka 1940 mpaka 1952. Sauti yake ilitolewa na mwigizaji mweusi, Lillian Randolph, kwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi ili watu wacheke. Watazamaji wa Marekani walimtambua mara moja, maana mtumishi mweusi mnene asiye na maisha yake mwenyewe alikuwa amejaa kwenye filamu zao na kwenye matangazo ya vyakula. Katuni zile zilipopelekwa kwenye TV miaka ya 1960, baadhi ya vipande vilichorwa upya na mama yule akageuzwa mwanamke mweupe mwembamba.

Halafu kuna ule mlipuko. Bomu linamlipukia Tom usoni, moshi ukitawanyika amekuwa mweusi tii, midomo mikubwa, visuko vimesimama kichwani. Mzaha huo ulitoka kwenye maigizo ya jukwaani ya karne ya 19, ambako waigizaji weupe walijipaka masizi na kuwaigiza watumwa. Mtoto wa Makorora haijui historia hiyo. Anachokiona ni kwamba paka akiwa mweusi anachekesha.

Wenye mali wenyewe wanajua. Mwaka 1968 kampuni ya United Artists, iliyokuwa na haki za katuni nyingi za zamani za Warner Bros., iliziondoa 11 zisionyeshwe tena kwenye TV. Mzaha wake wote ulisimama juu ya watu weusi, ukiutoa hakibaki kitu cha kuonyesha.

Mimi sijamkataza mzazi kuiwasha. Ila kipande chenye mama yule au mlipuko ule kikija, usiwe jikoni.

Watoto wetu hawajui Kiingereza. Lafudhi za kwenye katuni zitawadhuru vipi?

Lafudhi husikika hata maneno yasipoeleweka. Calvin Gidney na Julie Dobrow wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walizisikiliza katuni kwa makini wakakuta waovu hupewa mara nyingi lafudhi za kigeni, na mashujaa lafudhi ya Kimarekani iliyonyooka. Chukua The Lion King ya mwaka 1994, ambayo sisi huiona kama yetu kwa sababu ya majina ya Kiswahili. Mfalme ana sauti nzito ya Kimarekani. Ndugu yake mwovu anaongea Kiingereza cha Uingereza. Fisi, mmoja wao akiitwa Shenzi, wamepewa sauti zinazowakumbusha Wamarekani watu weusi na Walatino wa mitaani, nao wanaishi nje ya mipaka ya nchi nzuri, kwenye giza na mifupa.

Sasa fanya jaribio nyumbani. Weka tamthilia yoyote iliyoingiziwa sauti za Kiswahili, ugeuze mgongo usione picha, usikilize nani kapewa Kiswahili cha taarifa ya habari na nani kapewa cha kuchekesha. Mlinzi yuko upande gani? Na mpishi?

Kuna utafiti wowote, au ni maneno ya walimu?

Upo. Mwaka 2012 Nicole Martins na Kristen Harrison walichapisha matokeo ya kuwafuatilia karibu watoto 400 wa Marekani, weupe na weusi, kwa mwaka mmoja. Kadiri watoto walivyotazama TV zaidi ndivyo kujithamini kulivyoshuka kwa wasichana weupe, wasichana weusi na wavulana weusi. Kwa wavulana weupe kulipanda. Maelezo yao ni rahisi kufuata: mvulana mweupe anajiona kila mahali, ni daktari, ni shujaa, ana nyumba nzuri na maneno ya mwisho ni yake, wakati wenzake wanajiona kwa uchache na katika nafasi finyu. Waliongeza pia kwamba saa za TV hula muda wa mambo mengine ambayo yangempa mtoto kujiamini.

Utafiti mmoja haumalizi hoja, na Marekani si Tanga. Watoto wetu wanaamka kwenye mji ambao daktari, mwalimu, hakimu na dereva wa basi wote ni weusi, na hiyo ni kinga ambayo mtoto mweusi wa kule mara nyingi hana. Ndiyo maana sipendi hofu ya kupita kiasi. Lakini kinga hiyo haitoshi, soma swali linalofuata.

Binti yangu wa miaka saba ameniomba mafuta ya kumfanya awe mweupe. Ameyatoa wapi haya?

Pa kuyatoa ni pengi. Tamthilia za nje zinazopendwa hapa, za Kihindi, za Kifilipino, za Kituruki, humpa mapenzi msichana mweupe, na nyingi za kwetu zimefuata mkondo huohuo: dada wa kazi na binamu mwenye wivu ni weusi zaidi, mke wa ndoto ni maji ya kunde kwenda juu. Kisha yanakuja matangazo. Nchini India krimu iliyouzwa tangu 1975 kwa jina la Fair & Lovely ilitangazwa kwa miaka mingi kwa hadithi ileile: msichana mweusi hana kazi wala mchumba, anajipaka, anang'aa, vyote vinakuja. Baada ya kelele za watu, mwaka 2020 ikapewa jina la Glow & Lovely. Jina likabadilika, biashara ikaendelea.

Ila samahani, mama mwenzangu, na hili nalisema kila mara: kama kopo la mkorogo liko kwenye meza yako ya kujipambia, usiilaumu TV peke yake. Vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado vinauzwa kichochoroni. Mtoto anaona unachojipaka, na anasikia shangazi zake wanavyompokea mgeni kwa "umenawiri, umekuwa mweupe!"

Kwa binti, usikimbilie kumwambia "Mungu kakuumba mzuri" ukadhani umemaliza. Muulize kwanza nani kamwambia ni mweusi sana. Nyuma ya tamthilia mara nyingi kuna jina la mtoto wa darasani, na huyo tunaweza kushughulika naye.

Mbona mnazungumzia za nje tu? Vichekesho vyetu vina usalama gani?

Havina. Hapa ndipo napandisha sauti.

Mhindi wa vichekesho vyetu ni mmoja tu miaka yote. Ana duka, ni bahili, anahesabu noti mara tatu, anamfokea kijana wa kazi, na Kiswahili chake ni cha kubandika. Sasa tokeni nje. Tanga ina familia za Kihindi ambazo mababu zao walizaliwa hapahapa. Wamo mafundi, walimu, madaktari, wamo wenye maduka pia, na wamo wasio na kitu. Wanabishana juu ya timu yetu ya Coastal Union kwa Kiswahili kinachomshinda mtu wa Dodoma. Hao hawajawahi kuonekana kwenye kichekesho, kwa sababu hawachekeshi.

Mwaka fulani tulipokea msichana wa familia ya namna hiyo. Siku ya kwanza, watoto watatu walimzunguka kwenye foleni ya kunawa mikono wakaanza kumsemesha Kihindi cha TV, wakitikisa vichwa: "Veve nataka nini? Toa pesa kvanza!" Hawakuwa na chuki, walidhani wanamkaribisha kwa lugha yake. Yule mtoto aliwatazama mmoja mmoja, akauliza, kwa lafudhi ya Chumbageni kabisa, "Mbona mwasema hivyo, mna nini?" Wakanyamaza. Mmoja alinifuata baadaye kunieleza kwamba huyu si Mhindi wa kweli.

Sentensi hiyo ndiyo ninayotaka wazazi waifikirie. Mtoto alikuwa na mtu kamili mbele yake, mwenye jina na begi la shule, na bado akamwamini yule wa kwenye kioo.

Huko Marekani jambo hilihili liliwafika watoto wa Kihindi. Kwenye The Simpsons kulikuwa na Apu, muuza duka Mhindi, sauti yake ikitolewa na mwigizaji mweupe Hank Azaria. Watoto wa wahamiaji wakakua wanatupiwa sauti hiyo uwanjani. Mwaka 2017 mchekeshaji Hari Kondabolu alitengeneza filamu ya makala juu ya karaha hiyo, na mwaka 2020 Azaria akatangaza kwamba hataiigiza tena. Ilichukua miaka 30.

Mmasai naye. Kwenye vichekesho ni mlinzi mwenye rungu, anashangaa lifti, anadanganywa bei, anaongea kwa mkato. Mkoa wetu una wafugaji wa Kimasai na Kiparakuyo, Handeni na Kilindi, wenye ng'ombe wengi kuliko mishahara yetu walimu ikiunganishwa. Lakini mtoto akipita mbele ya geti asubuhi, anapiga kelele "Yero!" na kukimbia akicheka. Nilimuuliza mlinzi wetu wa shule, ambaye ni Mmasai, kama inamuudhi. Akasema ameshazoea. Jibu hilo halikunifurahisha.

Najua mtu ataniambia kabila si rangi. Sawa. Ufundi ni uleule: lafudhi moja, vazi moja, kazi moja, kicheko. Mtoto aliyezoeshwa kucheka hivyo kwa Mmasai hatakuwa na shida kucheka hivyo kwa yeyote.

Na watu wenye ualbino kwenye filamu?

Hao nao huwekwa mara nyingi kwenye hadithi za laana na waganga, na hapo sina utani. Hii si rangi ya asili ya watu, ni hali ya ngozi kukosa melanini, yaani kinachoipa ngozi rangi, ambayo mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili. Lakini nchini mwetu imani zinazobebwa na hadithi hizo zimeua watu, hasa tangu katikati ya miaka ya 2000. Filamu inayomwonyesha mwenye ualbino kama mtaji wa utajiri nisingeiacha ichezwe mbele ya mtoto, na ikichezwa nitaisimamisha na kueleza. Juni 13 ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Darasani siku hiyo huwa tunazungumzia kofia, miwani, mafuta ya kuzuia jua, na kukaa karibu na ubao. Mtoto akijua mwenzake anahitaji kiti cha mbele kwa sababu ya macho, habari za waganga hukosa pa kushika.

Mwanangu anaamini kila Mzungu ana hela na kila Mchina anajua kung fu. Si ni sifa nzuri?

Sifa ya jumla inamfunga mtu kama lawama ya jumla. Kijana wa Kichina aliyekuja kwenye ujenzi amechoka kuombwa apige teke. Na mtoto anayeamini Mzungu ndiye mwenye hela na akili, amejijibu pia swali la nani asiye navyo.

Kwani kasumba hizi zimeletwa na TV? Zamani hazikuwepo?

Zilikuwepo, tena zilipigwa ramani. Mji wetu ulipangwa na wakoloni kwa rangi: Wazungu upande wa Raskazone wapate upepo wa bahari, Wahindi na maduka yao katikati, Waafrika Ngamiani. Kwenye mkonge, meneja alikuwa mweupe, Mwafrika mkataji, na mshahara ulijua rangi kabla ya kazi. TV Tanzania Bara imekuja juzi tu, ITV ilianza 1994. Bibi zetu hawakuihitaji ili wajue nani anaitwa "bwana". Kwa hiyo TV haikupanda mbegu, imekuwa ikimwagilia.

Basi nizime tu?

Kwa mtoto mdogo sana, ndiyo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kwa wakubwa, kuzima moja kwa moja humpeleka kwa jirani.

Nizungumze naye vipi bila kumharibia raha ya kipindi?

Uliza, usihutubie. Mama mmoja alinipa mazungumzo yake na mwanawe wa miaka mitano, nami nimeyaazima tangu hapo:

"Huyu umemjuaje kuwa ni mbaya? Hata hajaongea."
"Ana sura mbaya."
"Sura mbaya ikoje?"
"Nyeusi."
"Nyeusi kama ya nani?"

Mtoto akafikiri. "Kama ya baba."

"Baba ni mbaya?"

"Hapana!" Akakasirika kabisa.

Mama hakuongeza neno, akaendelea kumenya viazi. Nampa sifa kwa hilo, maana wengi wetu hapo tungeanza somo la nusu saa. Baada ya siku kadhaa mtoto alianza mwenyewe: mama, mbona hawa wabaya wote wamepakwa rangi nyeusi?

Maswali mengine yanayofaa: nani anaongea sana kwenye hii katuni? Nani hana jina? Ungekuwa wewe unaitunga, ungempa nani gari? Wa darasa la tatu na kuendelea wanapenda kuhesabu, waache wahesabu wenyewe nani amekuwa bosi mara ngapi. Swali moja kwa kipindi linatosha, ukizidisha atajifunza kukaa mbali na wewe.

Anatazama kwa jirani, kwenye kibanda umiza, au kwenye simu ya dada wa kazi. Nitamfikia vipi?

Kibanda umiza ni hadithi yake. Pale kuna anayetafsiri juu ya picha, na huyo huongeza chumvi yake: Mchina anaitwa mla mbwa, mwenye mwili mkubwa anapewa jina la mnyama, ukumbi mzima unapasuka. Ni mabingwa wa lugha wale, siwezi kukataa. Lakini mtoto wa miaka sita hana kazi pale. Dada wa kazi mketishe umweleze kama mtu mzima mwenzako, maana ndiye anayekaa na mtoto kuliko wewe. Jirani ni kuombana.

Kuna vipindi unavyoweza kutushauri?

Vipo, na si lazima viwe vya kuhubiri. Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014 na kutengenezwa Dar es Salaam, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Watengenezaji haohao wana Akili and Me kwa wadogo, ambamo Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba rangi yake haizungumzwi. Yupo tu, ana nywele zake, ana akili, ndiye steringi.

Tinga Tinga Tales, iliyotoka 2010, ni ya wanyama, imetengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, ambaye kabla ya kwenda kupaka rangi Dar es Salaam alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya hapa Tanga. Waambie watoto hilo, wanapenda. Kwa wakubwa kidogo ipo Supa Team 4 ya mwaka 2023, wasichana wa Zambia wanaookoa mji wao, iliyobuniwa na Mzambia Malenga Mulendema. Na Doc McStuffins ya Disney, iliyoanza 2012, ina msichana mweusi anayetibu madoli, mama yake akiwa daktari. Baada ya watoto wangu kuiona, vijiko vya uji viligeuka sindano kwa wiki nzima.

Sesame Street nayo ina historia. Ilianza 1969, watu wazima na watoto wa rangi zote wakikaa mtaa mmoja bila maelezo. Mwaka 1970 tume ya TV ya elimu ya jimbo la Mississippi ilipiga kura isionyeshwe huko, kwa sababu ya mchanganyiko huo. Walibatilisha uamuzi baada ya wiki chache, aibu ilipokuwa kubwa.

Filamu na katuni za zamani zifutwe?

Sioni haja. Disney iliweka maonyo mbele ya filamu zake kadhaa za zamani, kama Dumbo na Peter Pan, na mwaka 2021 ikaziondoa kwenye akaunti za watoto chini ya miaka saba katika huduma yake ya filamu mtandaoni. Mtu mzima bado anazipata. Huo naona ni utaratibu wa busara. Kufuta kabisa kunatuondolea ushahidi, na mtoto akifika sekondari ningependa auone ushahidi huo na mwalimu wa historia akiwa pembeni.

Nikiona kipindi kinachodhalilisha watu kwa rangi au asili yao, nikilalamike wapi?

Anza na kituo chenyewe, kwa maandishi. Usiporidhika, nenda TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambako kuna Kamati ya Maudhui inayosikiliza malalamiko ya redio na televisheni. Filamu na michezo ya kuigiza ni kazi ya Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Namba 4 ya mwaka 1976, na ndiyo inayopanga madaraja ya umri. Andika jina la kituo, jina la kipindi, tarehe, saa, na maneno yenyewe yaliyotamkwa. "Kile kichekesho cha juzi usiku" hakimsaidii mtu ofisini. Ukiweza kurekodi kipande kwa simu, rekodi. Asiyejua kuandika barua ya namna hiyo anione baada ya saa saba, nina mfano wa moja tuliyoituma kwa kituo kuhusu yule Mhindi wa dukani. Hawajajibu bado.